Mama mkwe anakula kwa jirani, na mimi kila jioni napika mara tatu

Shikamoo Somo,

Naomba usitaje jina langu. Ukisema tu nipo Chikongola, Mtwara mjini, inatosha, Chikongola ni kubwa.

Nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto watatu. Binti ana miaka 13, wa kiume 9, na kitinda mimba wangu ana miaka 4. Mume wangu anaendesha bajaji. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha korosho, upande wa kumenya na kuchambua. Tunalipwa kwa kilo, kwa hiyo ukitoka mapema umejikata mwenyewe. Natoka saa kumi na moja na nusu, na nikikosa usafiri nafika nyumbani saa moja kasoro, mikono inawasha, kichwa kinagonga.

Tatizo langu najua utalicheka, maana kuna watu wana matatizo makubwa. Langu ni chakula cha usiku.

Mwezi wa nne mama mkwe alihamia kwetu kutoka kijijini kwake, wilaya ya Newala, baada ya baba mkwe kufariki. Ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Ana presha, na zahanati walimwambia apunguze chumvi na mafuta. Mume wangu akatoa amri siku ya kwanza: mama amefanya kazi maisha yake yote, hapa asiguse jiko, apumzike. Nikaona ni jambo jema.

Sasa mama amezoea ugali wa muhogo, ule mweusi wa makopa, na mbaazi au kisamvu. Mimi nampikia chungu chake mbali, hakina chumvi hata chembe. Mwanangu wa kiume ule ugali anauita udongo, na mdogo wake akisikia hivyo naye anafunga mdomo. Mume wangu anataka wali na samaki wa nazi, au angalau sembe na samaki. Anasema mtu anayeshinda juani hawezi kulala na majani tumboni. Kwa hiyo nawasha mkaa, napika cha mama, nateleka cha baba, na watoto wakianza kulia njaa nampa binti shilingi 3,000 akanunue chipsi bandani. Hiyo ni mara nne kwa wiki, wakati mwingine tano. Hela ya matumizi ninayoachiwa ni 8,000 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Na Mtwara ndiko gesi inakochimbwa, Somo, lakini kwangu mtungi mdogo ukiisha unakaa wiki mbili mtupu tukisubiri hela ya kuujaza.

Mama yangu mzazi yuko Masasi, nilimpigia simu akaniambia, "Pika kimoja, asiyetaka alale." Nikajaribu. Siku tatu nilipika mbaazi na ugali wa muhogo kwa nyumba nzima. Siku ya kwanza mbaazi ziliiva saa tatu na nusu usiku. Mdogo alishalala na njaa. Mama mkwe alitafuna mbili tatu akasema, "Hizi bado, mwanangu," akaweka sahani chini. Mume wangu alirudi ameshakula kwa mama ntilie. Siku ya nne nikarudia vyungu vyangu vitatu.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki mbili zilizopita nipo bombani na ndoo yangu, jirani yangu akaniambia huku anacheka, "Mkweo anapenda ng'onda yule! Jana kala kwangu mpaka kalamba sahani." Niliganda. Nikamuuliza binti yangu, akasema bibi huenda kule karibu kila siku saa kumi, na hurudi kabla sijafika. Mimi ninayehangaika kumpikia bila chumvi, yeye anakula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi! Na mtaani wakishajua, watasema nini? Kwamba mkwe ananyimwa chakula nyumbani kwa mwanawe.

Mume wangu sijamwambia. Nikimwambia atanilaumu mimi, au atamfokea mama yake, na vyote sivitaki. Wifi yangu anasema niache kazi nikae nyumbani. Mume anasema tutafute msichana wa kazi. Mimi ninachotaka ni chakula kimoja, cha haraka, cha hela tuliyo nayo, kitakachowafaa mgonjwa wa presha na watoto, na kitakacholiwa. Kipo hicho? Na hili la jirani, nilinyamazie?

Mama wa Watatu, Chikongola

* * *

Somo anajibu

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Chakula cha usiku ndicho kikao pekee ambacho nyumba nyingi zimebaki nacho, na mtu anayekipika akiwa amesimama tangu asubuhi ana haki ya kulia juu yake.

Umenifungia maswali mawili kwenye pindo moja la khanga. La kwanza ni la jikoni: upike nini, kwa saa moja, kwa 8,000, watu sita wale. La pili ni la bombani. Na naona unaamini kwamba ukipata jibu la jikoni, la bombani litajimaliza lenyewe, kwa sababu mama anakwenda kwa jirani kwa kuwa hapendi chakula chako. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta maneno ya mama mkwe. Nimeyakuta matatu tu: "Hizi bado, mwanangu." Na mbaazi za saa tatu na nusu usiku, tuambizane ukweli, zilikuwa bado. Mengine yote umeyasema wewe au ameyasema mwanawe. Amezoea hiki, apumzike, asiguse jiko. Halafu tazama saa. Haendi kwa jirani saa mbili usiku baada ya kukisusa chakula chako. Anakwenda saa kumi, wakati wewe upo kiwandani, mume barabarani, watoto shule au wanacheza. Kwake Newala, saa hizo mwanamke wa umri wake yuko wapi? Yupo uani, ungo mapajani, anachambua mbaazi, anapiga soga, anachochea moto. Kule juu jioni kuna baridi, moto wa jikoni ni wa kupikia na ni wa kuota. Mwanamke huyu amefiwa na mume, amehama kijiji, ameshuka kwenye joto la Mtwara, na mlangoni kapokewa na amri ya kutoshika mwiko. Amri ya mapenzi, sikatai.

Inawezekana anafuata ng'onda. Inawezekana anafuata kigoda kando ya moto wa mtu, na ng'onda anaikuta hapo hapo. Mimi sijui. Na wewe, nisamehe, hujui pia, maana hujamuuliza.

Lililo la haraka hapa si aibu ya mtaani, ni chumvi. Ng'onda huhifadhiwa kwa chumvi. Ukimloweka na kuyamwaga maji, hata mara mbili, inapungua lakini haiishi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na hapo umehesabu vyote: uji, mboga, kachumbari, na vile vidonge vya kiungo vya paketi ambavyo wengi hatuvihesabu kuwa ni chumvi. Mwenye presha anayekula ng'onda kila siku anaweza kuufikia mpaka huo kabla jua halijazama. Je, anameza dawa zake kila siku? Hukuniandikia. Hilo liulize, na safari ijayo ya kliniki mmoja wenu aende naye, asikie mwenyewe wanayosema.

Lakini nawe nikubane kidogo. Chungu cha "hata chembe" ulikitoa wapi? Zahanati walisema apunguze. Mzee aliyekula chumvi miaka zaidi ya sitini, ukamkatia ghafla, halafu mwenzake ukuta wa pili anakaanga ng'onda, pua itampeleka tu. Na kwa nini yeye peke yake? Chumvi ikipungua kwenye sufuria ya wote, pole pole, wiki hii nusu kijiko, wiki ijayo kasoro, ulimi huzoea, na mume wako anayeshinda juani naye ana mishipa ya damu kama mama yake. Pengo la chumvi huzibwa na ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na bizari. Ndimu kwanza. Ikikamuliwa mwisho, sufuria ikiwa imeshuka motoni, huudanganya ulimi vizuri mno. Ukifika hapo, sufuria ya mgonjwa na ya wazima ni moja, na vyungu vyako vitatu vimeshakuwa viwili.

Sasa tuingie jikoni. Hapa nitachelewa kidogo, ndipo ninapopapenda.

Mbaazi hazikukuangusha kwa kuwa ni mbaazi. Zimekuangusha kwa kuwa ulizianza saa moja usiku. Mbaazi kavu hailazimishwi. Loweka kilo nzima Jumamosi usiku. Jumapili mwaga yale maji, teleka maji mapya mkaa ukiwa umeshika, na usitie nyanya wala ndimu mpaka zilainike, maana uchachu ukiingia mapema zinagoma. Za msimu huu zitaiva kwa saa moja na kidogo. Zilizokaa ghalani tangu mwaka juzi zitakusumbua, kwa hiyo sokoni muulize muuzaji, na utafune moja. Zikiiva zipoze, zigawe kwenye mabakuli au mifuko matatu, ziingie kwenye barafu. Kama huna friji yenye barafu, pika za siku mbili tu na uzichemshe tena asubuhi na jioni. Moto mmoja wa mkaa umekupa mboga ya jioni tatu. Kisamvu vivyo hivyo: nunua kilichokwisha kutwangwa, Jumapili kichemke vya kutosha, usikifanyie haraka, kisha kigandishe.

Jioni moja ninavyoiona kwako ni hivi. Umefika saa kumi na mbili na robo. Bakuli la mbaazi limeshatolewa kwenye barafu na binti aliporudi shule. Muhogo mbichi, ule mtamu, umeshamenywa. Unaukata vipande virefu kama kidole cha kati, unautoa ule uzi wa katikati, unautia kwenye maji mengi unauchemsha bila kufunika. Ukichoma kwa kisu na kisu kikaingia bila kusukumwa, mwaga maji. Nusu ya vipande ni vya mama na vya yeyote apendaye laini. Nusu nyingine vitie kwenye kikaango chenye vijiko viwili vya mafuta, si vya kuogelea, vigeuze mpaka kingo ziwe rangi ya mkate. Vipe watoto na kachumbari. Yule bwana mdogo anayekiita chakula cha bibi udongo atakula udongo huo huo, na ataomba wa pili. Usimwambie chochote mpaka amalize.

Wakati muhogo unachemka, mbaazi zimepanda jiko la pili kwa kitunguu, nyanya moja, bizari, na tui jepesi. Tui zito weka kidogo mwishoni, au liache kabisa kwa siku hiyo, maana nazi nayo ni mafuta, tamu lakini ni mafuta. Mahali pa nazi jaribu vipande vichache vya korosho vilivyotwangwa, kidogo tu, maana korosho nazo zina mafuta. Wewe uko kiwandani, unajua vipande ni bei rahisi kuliko nzima. Vya kununua, sisemi vya mfukoni.

Mchicha au majani ya kunde hutaka dakika chache tu. Osha kabla ya kukata, tia sufuria ikiwa tayari ina moto, funika, geuza mara moja, shusha yakiwa bado ya kijani, kamua ndimu. Uchachu wa ndimu unausaidia mwili kupata madini chuma yaliyo kwenye majani na mbaazi, na chai ya rangi pamoja na chakula inayazuia. Kwa binti wa miaka 13, anayekaribia au ameshaanza kuvunja ungo, hilo si dogo. Chai isubiri saa moja baada ya kula.

Haya yote, mkaa ukiwa tayari, ni dakika arobaini. Mkaa usipokuwa tayari ni saa moja na nusu. Kwa hiyo swali la kweli la "chakula cha haraka" nyumbani kwako ni hili: nani anawasha moto saa kumi na moja na nusu?

Umeniletea majibu matatu ya watu, nami nina ya kwangu, na hakuna hata moja lisilo na mwiba.

Wifi anasema uache kazi. Utakuwa nyumbani saa kumi, ndiyo, na sufuria itaiva mapema. Ila fedha ya korosho unayoipokea mkononi mwako, hata kama ni ndogo, inalipa nini kwa sasa? Daftari na sare za nani? Hilo lipigieni hesabu wewe na mumeo, wifi awe kwake.

Mume anasema msichana wa kazi. Kuna mshahara, kuna mdomo wa saba mezani, kuna mahali pa kulala. Na asiwe mtoto wa mtu aliyekatishwa shule ili aje kuwapikia watoto wengine wanaosoma. Halafu fikiria hili: mikono mingine ikiingia jikoni, mama atasogezwa mbali na moto hatua ya pili.

Mama yako wa Masasi anasema asiyetaka alale. Kuna nyumba limefanikiwa. Kwako mtoto wa miaka 4 alilala kweli, na baba mtu akaenda kwa mama ntilie. Kwa watoto nina subira zaidi. Chakula kigeni huweza kukataliwa mara nane, kumi na zaidi kabla hakijakubalika, kwa hiyo kijiko kimoja pembeni ya kile wanachokijua, kila siku, bila kelele. Ukitaka ugali wa muhogo urudi mezani, changanya robo ya unga wa muhogo kwenye sembe, usianze na ule mweusi mtupu. Na unga wenyewe ununue kwa mtu unayemjua, anayeloweka na kukausha sawasawa. Muhogo mchungu ulioharakishwa ni hatari, na mkoa wetu umewahi kuona watu wakipooza miguu kwa ajili yake. Chipsi nazo usizipige marufuku, binti wa miaka 13 atajua njia ya kuzipata. Zikiwa za Ijumaa tu, umebakisha 9,000 kwa wiki. Unajua mwenyewe 9,000 inanunua nini Soko Kuu kwenye mayai na dagaa.

Jibu langu, ambalo silisemi kwa uhakika, ni mama mwenyewe. Akubali kuwasha moto, kuzisimamia mbaazi, kukuna nazi. Uzuri wake unauona. Mwiba wake pia uuone. Ana presha, anaweza kupata kizunguzungu kando ya moto. Mkono wake wa chumvi ni wa zamani. Wifi atasema mmemgeuza mama yao mtumishi. Na yeye mwenyewe huenda kweli amechoka, anataka kukaa, nami nikawa nimetunga hadithi ya kigoda bure. Ndiyo maana ningeanza na kidogo sana: Jumamosi moja, umwombe amwonyeshe mjukuu wake wa kiume namna ya kuchambua mbaazi kwenye ungo. Wa kiume, nimesema makusudi. Nisingependa mzigo wako uteleze ukamdondokee binti kwa sababu tu ni binti, ana masomo.

Na mumeo? Kwenye barua yako anakula, anaamuru na anatoa 8,000. Mtu wa bajaji anapita Feri, kwenye samaki, mara ngapi kwa siku? Kwenye shughuli zetu za pwani sufuria la pilau la watu mia husimamiwa na mwanamume, mwiko mkononi kama kasia, na hakuna anayemcheka. Kuparua samaki hakutamvunjia heshima. Ila ukimtuma, mpe na sharti. Vibua vya asubuhi visizunguke naye kwenye bajaji mpaka jioni. Kibua akikaa kwenye joto bila barafu hutengeneza sumu ambayo hata ukimkaanga mpaka akauke haitoki, unakuta uso umewaka mwekundu na kichwa kinapasuka. Avilete nyumbani moja kwa moja, vitolewe matumbo, vipakwe ndimu na kitunguu saumu, viingie kwenye barafu. Jioni vinachomwa kwenye kibaniko dakika kumi na kitu, kila mtu na chake, na hapo yule asiyelala na majani tumboni ana samaki wake pembeni ya mbaazi za wote.

Nirudi bombani, maana najua ndiko moyo wako ulipo.

Ukimwambia mumeo kwanza, unaijua hasira yake kuliko mimi. Ukinyamaza, chumvi inaendelea. Ukimkabili mama kwa "nimesikia unakula kwa watu," umemvua nguo mtu mzima, na atakayelaumiwa ni mjukuu aliyesema. Umebaki mlango mmoja ambao hukuutaja: jirani. Wewe ulisikia dharau kwenye kicheko chake. Huenda ilikuwepo. Lakini ng'onda hapewi mtu bure sokoni, na mwanamke anayemlisha mzee wa watu kila siku anaweza kuwa anakuambia, kwa njia ya utani, "nimekutunzia, nawe nikumbuke." Je, anajua kwamba mama ana presha? Kama hajui, hana kosa. Jumapili mbaazi zikiiva mpelekee bakuli lililofunikwa, mshukuru kwa kumkaribisha mama, kisha mwambie la chumvi kwa sauti ya chini. Akikupokea vibaya utakuwa umepoteza bakuli moja la mbaazi. Akikupokea vizuri, saa kumi ya mama inabaki na kigoda chake, ng'onda tu ndiye anayepungua. Mimi nisingependa akatazwe kwenda. Kwako wewe huenda hilo ni zito, na nalielewa.

Baada ya hapo la mumeo litakuwa jepesi kidogo, maana hutakwenda kwake na kesi, utakwenda na ombi kwamba ile amri ya kutogusa jiko muiangalie upya. Atakataa pengine. Mwanamume aliyemzika baba yake mwaka huu huu anaweza kuona kumpumzisha mama ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha kumfanyia. Mpe muda hapo.

Kuna kitu kimoja nilikitafuta kwenye barua yako nikakikosa. Huyu mama, alipokuwa kwake, jioni alikuwa akipika nini, na alikuwa akila na nani? Muulize hilo mkiwa na ungo katikati yenu, msikae kikao. Kisha niandikie alivyojibu, maana majibu yangu mengine yote yanalisubiri hilo.